Sentimita Sitini na Mbili

Mkono wa dada yangu, ukinyooshwa kushika kitu, unafika sentimita sitini na mbili. Niliupima mwenyewe jikoni kwetu kwa futi kamba, naye kashika mwiko.

"Mdogo wangu, unanipimia sanda?"

"Nakupimia bomba."

Sikuwa natania. Dada alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali. Kilikuwa kinajengewa chumba kipya cha boila, na ofisi yetu ndiyo iliyopewa kuchora mabomba ya mvuke. Mchoraji nilikuwa mimi. Shule sikumaliza, programu ya kuchorea nilijifundisha mwenyewe kwenye kompyuta iliyong'oka vitufe vitatu.

Kwa asiyejua kazi yetu: bomba huko ndani ya kompyuta halichorwi kama mstari wa rula. Unalipatia masharti. Toka kwenye boila, ingia kwenye mashine, kaa mbali na nyaya, usikatize mlango. Ukiisogeza boila, bomba linajipinda lenyewe kufuata masharti yake, na likishindwa linageuka jekundu. Wekundu ule ni kelele. Bomba linakwambia, bwana, haiwezekani.

Mimi niliongeza sharti moja: vali ya kufungia mvuke isikae zaidi ya sentimita sitini na mbili kutoka anaposimama mhudumu, wala isipande juu ya bega lake. Nikalipatia jina, "Mkono wa Dada". Ofisi nzima ilicheka. Mmoja akaniuliza mguu wa shangazi nimeuweka wapi.

Wacheke. Mimi sisahau. Mama yetu alifanya kazi kiwanda hichohicho, kwenye boila ya zamani. Vali ilikuwa juu ukutani, na chini yake waliweka kigoda. Siku kiungo cha bomba kilipoachia, mvuke ulilia kama birika, na nyuma ya ukuta kulikuwa na wanawake kumi na mmoja wanapiga pasi. Mama akapanda kigoda. Sakafu ilikuwa na maji. Ripoti ilikuwa mistari minne, na wa mwisho nausoma mpaka leo nikifumba macho: *Marehemu alifanya uzembe.* Dada alikuwa na miaka kumi na minane. Akanilea, akaenda kuomba kazi palepale, maana pengine hapakuwapo.

Bosi wetu tulimwita Kijani. Kila Ijumaa alipita nyuma ya viti kuangalia vioo vya kompyuta, na alichotaka kuona ni alama za kijani tu. Wiki ya mwisho ya kuchora, wenye kiwanda walinunua mashine ya kukaushia kubwa kuliko ile ya awali, boila ikasukumwa nyuma sentimita arobaini. Bomba langu likawaka jekundu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Vali ilikuwa imeangukia nyuma ya nguzo.

"Inataka kona mbili zaidi, bosi. Na siku tatu."

"Siku tatu sina. Hiki kinachopiga kelele ni nini?"

"Mkono wa Dada."

Akaniinamia, akashika kipanya changu, akabonyeza mara moja. Hakulifuta sharti, alilizima tu. Jina likafifia, bomba likanyooka, kila kitu kikawa kijani.

"Umeona? Tatizo limekwisha."

"Tatizo lipo, bosi. Umelinyamazisha."

"Sikiliza, profesa wa kujisomea. Sharti si sheria. Wenye vyeti hapa ni akina nani?"

Mchoro ulitoka mchana ule. Nikakimbilia karakana, nikamkuta fundi bomba ameshaanza kukata. Nikamweleza yote, hata la mama. Alizima msumeno, akanisikiliza mpaka mwisho, akajifuta jasho.

"Kaka, mimi nakata kilichoandikwa. Nikikata kisichoandikwa, kesho anakata mwingine, mimi niko nyumbani na watoto."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo niache nimalize."

Lakini nilipogeuka aliniita, akaokota ufito wa mbao, akauliza mkono wa dada ni sentimita ngapi, akaukata palepale.

"Shika. Kwenye mchoro wako nimeweza kukata hiki tu."

Siku ya kujaribu mvuke nilikwenda bila kualikwa. Wahudumu wote waliitwa chumba cha boila, saa nne asubuhi, na Kijani yuko mbele na kofia mpya kabisa ya usalama. Nikapita katikati yao.

"Dada, shika vali."

Dada akajibana kwenye uzio wa chuma mpaka shavu likagusa nguzo. Akanyoosha mkono. Vidole vikacheza hewani. Akajaribu tena, safari hii akisimama kwa ncha za vidole vya miguu.

"Hafiki," nikasema. "Mmeona wote. Hafiki!"

"Acha siasa," Kijani akasema. "Mletee kigoda."

Kikaletwa. Cha mbao, chenye rangi iliyobanduka. Mama mtu mzima wa chumba cha pasi, mmoja wa wale kumi na mmoja, akashika kifua. "Toba," akasema, basi.

Dada alikiinamia. Kisha akakibeba, akatoka nacho hadi nje ya mlango, akakiweka chini na kukikalia.

"Asante kwa kiti, bosi. Nitakuwa hapa. Siku vali itakapofika kwenye mkono wangu, niiteni."

Wanne wakamfuata, yule wa pasi akiwa wa kwanza. Wengine walibaki, wanatazama miguu yao. Siwalaumu. Tumbo halina shujaa.

Mvuke ukafunguliwa bila wao. Na bomba lilishika. Hilo ndilo linaloninyima usingizi: lilishika, halikuvuja hata tone, na Kijani akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. La mama pia lilishika miaka tisa.

Tulifukuzwa sote, mimi siku hiyohiyo, dada na wenzake kesho yake. Sasa kila asubuhi nasimama kwenye lango la kiwanda na ufito wangu. Mlinzi amechoka kunifukuza. Nawaomba wanaoingia wanyooshe mkono. Wengi wananikwepa kama mwendawazimu.

Jana alikuja binti mfupi, kofia ya kazi inamfunika masikio. Ndiye aliyechukua nafasi ya dada.

"Nyoosha mkono, mdogo wangu."

Akacheka. "Kaka, unaposa kwa rula?"

Lakini akanyoosha. Ufito ukampita kwa upana wa vidole vitatu. Nikamweleza vali iko wapi. Kicheko kikamwisha taratibu.

"Nimeipata kazi hii juzi," akasema. "Nimeitafuta mwaka mzima."

"Najua. Basi sikia. Siku ukisikia mlio kama wa birika, usiitafute vali. Usipande kigoda. Kimbia."

King'ora cha zamu kikalia. Akapiga hatua mbili, akageuka.

"Na wale wanaopiga pasi kule nyuma?"

 Mlinzi alikuwa ameanza kufunga lango, na binti akapenya.