Kipande cha Irene

Mwanangu Irene ana kifafa, na kwa sababu hiyo kijiji kizima cha Bombo kiliamua kumwonea huruma. Huruma hiyo ilinichosha kuliko ugonjwa wenyewe. Harusini aliambiwa apumzike, msibani hakupewa hata sufuria ya kuosha, na kikombe alichonywea kiliwekwa pembeni. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwanangu amezaliwa hapa, na jembe hakuwahi kupewa.

Basi tulipokubaliana kuifufua ndiva, bwawa la wazee wetu lililojaa tope miaka mingi, pamoja na mfereji wake, nilimwambia twende wote. Sheria ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kwetu ni moja: kila mtu anapimiwa kipande chake cha mfereji, na anayekimaliza kwa mikono yake anapata zamu ya maji. Irene ana shamba aliloachiwa na bibi yake. Alitaka kupanda tangawizi, na tangawizi bila maji ni kazi bure.

Mzee Sefania, mwenyekiti wa maji, alisita. Alisema binti akianguka mferejini lawama zitakuwa zake. Nikamjibu kwamba nimemwinua mwanangu mara nyingi kabla yeye hajawa mwenyekiti, na sikumwona akija kunisaidia. Akapima kipande.

Irene alichimba tangu asubuhi, akienda sambamba na jirani yetu Ruthi. Jua lilipopanda, akaanguka. Watu walirudi nyuma kama kawaida yao, ila Ruthi alibaki. Tulimlaza ubavu, nikamwekea khanga chini ya kichwa, tukasubiri mpaka mwili ukatulia. Tukamhamishia kivulini, akalala.

Nilipogeuka, vijana walikuwa wameshaingia kwenye kipande chake na majembe. Nia yao ilikuwa njema, najua. Walitaka kummalizia ili watu waende nyumbani. Nikashuka mferejini, nikasimama katikati yao.

"Tokeni," nikawaambia. "Mkimchimbia, zamu haitakuwa yake."

Sefania alinisihi kutoka juu. Maji hayafunguliwi mpaka kipande cha mwisho kiishe, na watu walikuwa na njaa. Mwanamke mmoja alinong'ona kwamba sina huruma na mtoto wangu. Kweli, huruma ya aina ile sina. Lakini kila mara niligeuka kutazama kivulini, maana sikujua kama Irene ataamka na nguvu.

Aliamka alasiri. Akanywa maji kwa kikombe cha Ruthi, akakaa kitako mpaka akili ikamrudia sawasawa. Kisha akaja.

"Mama, nipishe," akasema. "Unanikanyagia kazi yangu."

Nikapanda juu. Alichimba polepole, watu wote wameketi ukingoni wakimngoja, na hakuna aliyethubutu kugusa jembe. Nilijivuna kimoyomoyo, na usoni pia nadhani. Udongo wa mwisho ulipotoka, Sefania akafungua ndiva, na maji yakapita kwenye vipande vyote, cha Irene kikiwemo.

Mzee akamgeukia.

"Irene, zamu yako Jumatano asubuhi. Ukichelewa, maji anapewa mwingine. Hapa hatumsubiri mtu."

Hakuna mtu wa Bombo aliyewahi kusema na mwanangu hivyo, bila kulainisha sauti. Nikalia kwa furaha mbele za watu wote, wala sikujificha.