Mfuko Haulali Majini

Katika maabara ya Profesa Mu, mjini Changchun, palikuwa na mwiko mmoja ambao kila mwanafunzi mgeni aliambiwa hata kabla hajaonyeshwa choo kilipo: mfuko haulali majini. Ukiutia asubuhi, jioni uwe umeutoa. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa ni ukungu. Ukiuliza ukungu gani huo, unaambiwa nenda kaoshe vyombo.

Mfuko wenyewe si kitu cha ajabu. Ni utando laini unaofungwa ncha zote mbili mithili ya soseji, na kazi yake ni kusafishia nukta: uchafu mdogo hupenya ukaenda na maji, nukta zikabaki ndani. Nukta ndizo zilizokuwa zikiwalisha watu wa pale: chembe ndogo mno za kaboni, ambazo hupikwa kwa asidi ya ndimu na dawa moja yenye harufu kali ya kupandisha machozi, ndani ya chungu cha chuma kinachokazwa kwa skrubu, mpaka kilichomo kiwe na rangi ya chai iliyokolea. Ukimulika chai hiyo kwa taa ya zambarau, inawaka buluu, buluu ya kumfanya mtu mzima atabasamu peke yake. Ukiidondoshea maji yenye chuma, mwanga unafifia, na hapo unajua kisima fulani kina chuma kiasi gani. Ukiipenyeza ndani ya seli, seli nazo zinawaka na unaziona vizuri chini ya darubini. Maabara ilikuwa imejipatia jina kwa mwanga huo, na makala zake zilisomwa mpaka ng'ambo.

Mapishi yalikuwa ya Geng Yanhua. Aliyapata zamani akiwa mwanafunzi, akabaki hapo hapo kama mwalimu mdogo, na mwaka huu mkataba wake ulikuwa unafika ukingoni: ama apande cheo abaki, ama afungashe virago. Profesa aliitwa Bosi akishageuka tu mgongo, na Mwalimu Mu akiwa mbele yao. Geng yeye alikuwa Dada Geng mbele na nyuma. Ndiye aliyempokea Luan Shuqin siku ya kwanza, akamwambia mfuko haulali majini, akamfundisha kukaza chungu kisije kikalipuka, akamwazima koti zito msimu ule baridi ilipomkuta mtoto wa watu hajajiandaa, na akamtetea kwa Bosi mara chungu nzima. Shuqin alimpenda kama ndugu wa tumbo moja, na hakuona haya kulisema.

Sasa Shuqin alikuwa mwaka wa mwisho, na tasnifu yake yote, kuanzia jalada hadi shukrani, ilihusu nukta. Ilikuwa iende kwa wasahihishaji wa nje mwishoni mwa Machi. Akipata shahada mwezi wa sita, kazi ya ualimu inamngoja katika chuo kimoja cha Tonghua, karibu na kwa wazazi wake. Asipoipata, kazi ni ya mwingine. Mama yake alikuwa ameshawatangazia majirani, na mama yule akishatangaza jambo, kulirudisha ni sawa na kuzoa maji yaliyomwagika.

Muda mfupi baada ya sikukuu za Mwaka Mpya, bomba la kupashia jengo joto likapasuka ghorofa ya juu. Walinzi wakawafukuza watu wote kama kuku, hakuna kurudi ndani, hakuna "nisubiri dakika moja." Mfuko wa Shuqin ukabaki kwenye ndoo. Maji safi yaliendelea kudondoka kutoka kwenye tangi la juu, yakapita kwenye ndoo, yakafurika kwa mpira hadi kwenye pipa la maji machafu, kama kawaida. Jengo lilipofunguliwa tena, mfuko ulikuwa umelala majini siku mbili.

Wa kwanza kufika alikuwa Pei Dazhi, mwanafunzi wa mwaka wa pili, mnene, ambaye mbegu za alizeti hazimtoki mdomoni.

"Dada Luan, umeua," alisema. "Mfuko wako sasa hivi una ukungu, una vyura, una hadi samaki."

"Acha kelele, zima taa."

Pei akazima. Shuqin akawasha taa ya zambarau, akaushika mfuko mbele yake. Rangi ya chai ilikuwa ile ile, lakini mwanga haukuwapo.

"Umekufa," alisema Pei. "Tuuzike kwa heshima. Mimi nitalia."

"Labda umekolea mno, unajimezea mwanga wenyewe. Nipe maji."

Akachota kidogo kilichomo mfukoni, akakizimua kwa maji mara tatu nne. Bado giza. Shuqin akasonya, akageuka kwenda kukitupa, taa bado ikiwa mkononi, na mwanga wake ukapita juu ya pipa. Maji machafu yalikuwa yakiwaka buluu pipa zima.

Pei akaacha kutafuna. "Mfuko umetoboka?"

Shuqin aliubana kwa vidole, akaugeuza huku na huku. "Haujatoboka."

"Basi nukta zimetokaje?"

Lilikuwa swali zuri, na Shuqin alitamani asingeulizwa. Siku zote maji ya pipa yalikuwa yakimetameta kidogo, na siku zote walisema ni nukta chache ndogo zilizoponyoka. Hakuna aliyewahi kuuliza zimeponyokaje kwenye utando ambao uliwekwa ili zisiponyoke.

Alipika upya, akaosha upya, safari hii kwa makusudi akiacha mfuko ulale. Mwanga ukatoka wote. Akapika tena kwa dawa mpya, akabadilisha aina ya mfuko, akatafuta ukungu kwa darubini na hakuona hata uzi mmoja. Akapeleka sampuli kwenye darubini ya elektroni. Ndani ya mfuko nukta zilikuwapo, za mviringo, nzuri, zimejaa tele, na hakuna hata moja iliyokuwa ikiwaka. Katika maji ya pipa hapakuwa na nukta hata ya dawa, lakini mashine ya kupima mwanga ilichora kilele kile kile kilichopamba makala zao zote.

Hapo hapakuwa na fumbo tena. Chunguni vilikuwa vikizaliwa vitu viwili: nukta, na molekuli moja ndogo inayopita kwenye utando bila kubisha hodi. Inayowaka ilikuwa molekuli. Ukiutoa mfuko jioni, molekuli nyingi bado zimo ndani pamoja na nukta, nawe unasema nukta zinawaka. Ukiuacha ulale, zinaondoka zote. Walikuwa wamemsifu bwana harusi kwa suti ya kuazima.

Shuqin aliogopa. Hakuogopa kwa ajili ya sayansi, sayansi ingejitetea yenyewe. Aliogopa kwa ajili ya Tonghua, kwa ajili ya mama yake, na kwa ajili ya Dada Geng, ambaye cheo chake kilikuwa kimesimama juu ya nukta hizo hizo.

Akamfuata kwenye bwalo wakati wa chakula cha mchana. Dada Geng alikuwa na sahani ya nyama ya kukaanga yenye siki na sukari, akamsogezea nusu bila kuulizwa. Shuqin alieleza yote, taratibu, akimwonyesha picha kwenye simu. Dada Geng alizitazama picha kwa haraka sana, kama mtu anayeonyeshwa kitu alichokwisha kukiona.

"Ni ukungu," alisema.

"Nimetafuta ukungu, Dada. Haupo."

"Basi mfuko mbovu. Siku hizi wanauza takataka."

"Nimebadilisha mifuko."

"Shuqin, sikiliza. Tasnifu yako imeiva. Ipeleke. Upate karatasi yako, uende nyumbani, mama yako afurahi. Haya mengine utayachunguza ukiwa na maabara yako mwenyewe. Nani amekukataza?"

"Dada, wewe umewahi kuuacha ukalala?"

Dada Geng akachukua kipande cha nyama, akakitia kwenye bakuli la Shuqin. "Kula. Chakula kinapoa."

Shuqin alikula, lakini hakuonja kitu. Alirudi akafungua tasnifu, akajaribu kuisahihisha, na kila alipofika kwenye maneno "nukta zinawaka," mkono uligoma. Si kwamba alikuwa malaika. Alijaribu kweli kweli, akajiambia wangapi wamepita kwa njia hii, akajiambia ni miezi michache tu ya kufumba macho. Mkono ukagoma vile vile. Akakata shauri kusema kwenye mkutano wa kundi, Jumatatu.

Jumatatu ilipofika akasimama mbele yao, akaweka mfuko huku na chupa ya maji ya pipa kule, akawasha taa. Alisema kwa ufupi. Bosi alisikiliza huku ameegemea kiti, mzee mwembamba asiyependa mambo ya ghafla.

"Umeosha vibaya," alisema.

"Nimerudia, Mwalimu."

"Makosa ukiyarudia yanabaki kuwa makosa. Yanhua, unasemaje?"

Wote wakamgeukia Dada Geng. Alikuwa akitazama meza. "Huenda ni ukungu," alisema. "Huenda ni mfuko. Shuqin amechoka, mwaka wa mwisho unajulikana."

Maneno hayo yalimkata Shuqin kuliko kama angetukanwa. Angalau tusi lina ukweli wa hasira.

"Basi tumalize ubishi," alisema Bosi. "Yanhua, upike wewe. Uoshe wewe. Mfuko ulale majini. Mlango funga, funguo kaa nazo mwenyewe, mtu mwingine asiguse. Keshokutwa asubuhi tunakuja wote kutazama."

Walipotoka, Pei alimsogelea Shuqin. "Fisi amekabidhiwa bucha," alinong'ona.

"Chunga mdomo wako. Yule ni Dada Geng."

"Ndiyo maana nasema kwa sauti ndogo."

Shuqin alimkemea, lakini moyoni aliwaza vile vile. Kulikuwa na kazi gani ya kuutoa mfuko mtu akishabaki peke yake, akaurudisha alfajiri, ukawaka vizuri mbele ya wote? Hakuna ambaye angejua. Yeye Shuqin angebaki mwongo au mjinga, achague mwenyewe. Jambo la aibu ni kwamba pembe moja ya moyo wake ilitamani iwe hivyo. Ukiwaka, amri itakuwa imetoka juu: umeosha vibaya, peleka tasnifu, nenda nyumbani.

Asubuhi hiyo walijipanga mlangoni na makoti yao, Dada Geng akafungua. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hakuona kitanda. Bosi akaingia wa kwanza, akaomba taa, akaiwasha mwenyewe. Mfuko ulikuwa giza tupu. Pipa lilikuwa linawaka.

Bosi alipeleka taa kwenye mfuko, akairudisha kwenye pipa, akaipeleka tena kwenye mfuko, kana kwamba wangebadilishana.

"Nilijua, Mwalimu," alisema Dada Geng. "Zamani niliusahau mmoja ukalala. Nikaona haya haya. Nikawaambia watu ni ukungu."

"Lini?"

"Mwaka mmoja kabla Shuqin hajaja."

Bosi akavua miwani. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee kweli. Akasema makala zitafutwa, ataandika mwenyewe kwa majarida siku hiyo hiyo, na jina lake litakuwa la kwanza kwenye aibu kama lilivyokuwa kwenye sifa. Kisha akamtazama Shuqin. "Tasnifu yako haiwezi kwenda."

"Najua, Mwalimu."

Alilisema vizuri, bila machozi, lakini lilimuuma mpaka kwenye mifupa. Alikuwa sahihi, na usahihi wake ulikuwa umemla. Tonghua ilikuwa imekwenda. Bosi akatoka, wengine wakamfuata mmoja mmoja, hata Pei, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha wa kuacha nyuma. Wakabaki wawili.

Dada Geng alikuwa akifungua mfuko, ingawa hakukuwa na haja ya kuufungua.

"Niliutoa," alisema. "Jana jioni, nyie mmeshaondoka. Niliufunga vizuri, nikautia kwenye jokofu, nikafika mpaka kituo cha basi. Unajua kuna mwanafunzi mpya anakuja Septemba, yule msichana wa Siping. Ameniandikia ujumbe mrefu, mtoto ana hamu huyo, ananiuliza aanze kusoma nini. Nikajiona namwambia siku ya kwanza kwamba mfuko haulali majini. Basi lilikuja, sikupanda. Nikarudi, nikautia majini, nikakaa hapa hapa nikiuangalia mwanga unatoka."

Shuqin alikuwa amejiandaa kumshukuru. Njia nzima kutoka bwenini alikuwa ameyapanga maneno ya shukrani, endapo Dada Geng angetenda haki. Sasa ametenda, na maneno hayakutoka. Kilichomjia ni hasira, na nyuma ya hasira kilio.

"Na mimi, Dada?" aliuliza. "Miaka yote hii. Mimi hukunifikiria?"

Dada Geng aliinua uso, akamtazama, na safari hii hakukwepa.

"Wewe nilikuwa nimeshakuambia, siku yako ya kwanza," alisema.