Kilo Moja ya Gunia

Marek Wrona alikuwa amepigana ulingoni mara mia moja na arobaini, akashinda tisini na sita, na hakuwahi kulipwa hata senti. Kwao Polandi alipata medali ya shaba ya taifa mara mbili. Dhahabu ilimpita kando kama jirani mwenye kiburi. Sasa alikuwa Boito, kwenye mashamba ya chai ya Kenya, akifunga mashine za kukausha chai kiwandani, na Jumatatu angetimiza miaka arobaini na moja. Ndondi za ridhaa hazimpokei mtu wa umri huo. Mashindano ya Kericho yalikuwa Jumamosi. Asipopigana siku hiyo, basi tena.

Uzito usizidi kilo sabini na moja. Kila jioni alikwenda kituo cha kununua majani ya chai, akaning'inia kwenye ndoano ya mizani kwa mikono miwili, wachumaji wakicheka, na karani Quinter akasoma: "Sabini na nusu. Kula chapati, Mzungu."

Akala.

Jumamosi mizani ya Kericho ikasema sabini na mbili. Marek akamgeukia Quinter, aliyekuja na wachumaji kumshangilia.

"Wewe ulisoma nini?"

"Nilisoma, nikatoa kilo moja ya gunia na nusu ya umande. Kila mtu hutolewa."

"Mimi nina gunia?"

"Omera, ndugu yangu, mkono umezoea! Miaka tisa natoa tu."

"Mna saa moja ya kupunguza," afisa wa mizani akasema bila kuinua uso.

Quinter hakupoteza muda kuomba radhi. Kericho mtu hatoki nyumbani bila koti la mvua. Akakusanya makoti matatu kwa wachumaji, akamvisha Marek yote, akamkimbiza kuzunguka uwanja juani.

"Toa hiyo chapati! Toa!"

Dakika hamsini baadaye: sabini, nukta tisa.

Mpinzani wake, Kiptanui, askari magereza wa miaka ishirini na minne, alikuwa na mikono mirefu na subira. Raundi ya kwanza akamchezea. Ya pili, Marek akampiga mkono wa kushoto chini ya mbavu, goti la kijana likagusa sakafu. Ya tatu miguu ya Marek ikakumbuka zile mbio. Majaji watatu walimpa Kiptanui, wawili Marek.

Marek akiwa bado anafungua bandeji za mikono kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Kiptanui akaingia, mkono mmoja mbavuni.

"Mzee, hiyo ya kushoto. Unaanzia wapi?"

"Kwenye kisigino," Marek akasema, akainuka. "Simama hapa."