Sentensi ya Ouma

Makala ya kijiji chetu kwenye kamusi elezo ya mtandaoni ilikuwa na aya tatu: vilima, ng'ombe na dhahabu. Mimi Nikodemo, mwanahistoria mkuu wa kidato cha tatu kwa kujiteua mwenyewe, niliongeza ya nne, ya sentensi moja tu: kwamba shimo la wachimbaji liliporomoka na Ouma, kaka yangu, akafia humo.

Kesho yake ilikuwa imefutwa. Nikairudisha, ikafutwa tena. Nilimwandikia mfutaji kwa adabu zote za bweni, nikimwita Mheshimiwa Kifutio. Mwishowe msimamizi wa kamusi, mtu tusiyemjua hata kwa sura, aliufunga ukurasa na kutuagiza twende kwenye ukurasa wa majadiliano, kila mmoja atoe hoja zake.

Hoja yangu ilikuwa fupi. Wenzake walitoka, yeye hakutoka, na sasa watu wanachimba pembeni pale pale. Asipoandikwa humu, hataandikwa popote.

Mheshimiwa Kifutio akajibu: "Nikodemo, acha ujinga. Ni mimi, Apiyo."

Apiyo ni binti wa shangazi, anakaa Migori, ng'ambo ya mpaka.

"Yago limezikwa?" aliandika. "Sasa wewe unamtangaza marehemu kama nani, na mjomba hajasema?"

Kwetu, mwili usipopatikana huzikwa yago badala yake, tunda refu, zito kama mkono wa mtu mzima. Baba alikuwa hataki. Alishikilia kwamba huenda Ouma alitokea upande mwingine, akavuka mpaka wa Sirari kutafuta kazi. Nami nilikuwa nimemzika mwanawe kwa kompyuta ya shule.

Msimamizi aliuliza yago ni nini. Hatukumjibu. Tulikubaliana sentensi ikae nje mpaka baba aseme, naye akatangaza kwamba mgogoro umekwisha, akaufungua ukurasa na kutupongeza kwa ustaarabu wetu. Nilisoma pongezi hizo huku natafuna karanga. Sikusikia chochote, hata ladha ya karanga.

Likizo nilimkuta baba uani, ananoa panga ambalo tayari lilikuwa kali. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akauliza habari za shule. Kisha akasema Apiyo alimsomea kwa simu yale tuliyoandikiana.

"Ulisema amekufa."

"Ndiyo, baba."

"Ukakubali kungoja."

"Ndiyo."

Alinipa lile panga. "Nenda mtoni ukakate yago. Chagua refu. Ouma alikuwa mrefu."

Tulilizika kando ya nyumba ya Ouma ambayo haikuwahi kuezekwa. Nilitafuta utani wa kumwambia, maana yeye ndiye aliyenifundisha utani, lakini haukuja.

Watu walipotawanyika, Apiyo, aliyevuka mpaka kuja mazishini, alitoa simu na kuirudisha sentensi, neno kwa neno kama nilivyoiandika. Msimamizi akauliza tumekubaliana lini, na kwa msingi gani.

Apiyo akanipa simu. Nikakaa chini na kuanza kumweleza yago ni nini.