Sikio la Shaba la Sikizani

Nchi ya Sikizani imelala baina ya bonde moja nono na milima isiyo na barabara, na huko bondeni, katika majumba yenye madirisha ya kutazamia watu juu chini, watawala walisema Kighaibu, lugha ambayo wenye nayo walikwisha kuondoka zamani, wala hakuna aliye hai aliyewahi kumwona hata mmoja wao. Hata hivyo, hukuruhusiwa kutibu wala kufundisha mpaka uzungumze Kighaibu mbele ya Sikio la Shaba, pembe kubwa iliyotoboa ukuta. Upande wa pili, nyuma ya pazia, mpimaji alisikiliza, kisha akagonga kengele, mara moja hadi tisa, mji mzima ukihesabu. Liwali Makanzu alitunga sheria: kengele ikishalia haifutwi.

Mpimaji nilikuwa mimi. Msinicheke bado. Nilijiona ndiye haki yenyewe, maana uso wa mtu sikuuona. Sikujua kwamba sikio nalo lina kwao. Wabonde wenzangu niliwagongea nane hata wakipiga miayo. Wa milimani, mbili.

Mashavu, mkunga wa mlimani, nilimwangusha mara tatu, na kila nilipomwangusha wanawake wa kwao walijifungua bila mkunga. Kisha paa langu likaporomoka, nikapanga chumba huko huko milimani, miaka miwili nikisikia soga zao za Kighaibu kila jioni. Mashavu alipokuja mara ya nne, nikamgongea nane, nikatoka kumpongeza.

"Safari hii umejitahidi, binti yangu."

"Sikubadili hata herufi, mzee. Wewe ndiye uliyehamia kwetu."

"Kwa hiyo aliyefaulu ni mimi?"

"Kidogo. Bado unakoroma kibondeni."

Wiki hiyo hiyo mtu mwingine akanena kwenye Sikio. Nikasikia kama anasukutua kwa maji ya moto. Kwa haki ile ile, nikagonga mbili. Pazia likavutwa. Alikuwa Liwali, aliyekuja kuhuisha kiapo chake cha uliwali, nacho huapwa kwa Kighaibu.

"Unajua umempima nani?"

"Mbonde mmoja, bwana mkubwa. Ana nia, ila haeleweki."

"Futa."

"Sheria yako hairuhusu."

Nilistaafishwa kabla ya chakula cha mchana. Naye Liwali, hadi leo, hupanda mlima kwa miguu, daftari kwapani, kwenda kwa Mashavu kurudiarudia maneno. Wanasema ameanza kueleweka. Ila bondeni, nasikia, hakuna anayemwelewa tena.