Kikombe Kimoja cha Asubuhi

Chediel alikuwa akimnyima mama yake maji. Alimpa kikombe kimoja asubuhi, basi, kwa sababu mama huyo mzee alikuwa akikojoa kitandani na kufua mablanketi kulimchosha. Huku nje, kijiji kizima cha Sepuka kilimsifu kwa kumtunza mzazi.

Jirani yao Flora akaja kumjulia hali mama.

"Shikamoo, mama."

Midomo ya mama ilikuwa imepasuka na macho yamezama. Flora akachota maji na kumnywesha kwa kijiko, na mama akamng'ang'ania mkono asiuondoe.

"Wee Chediel! Hata mbuzi wako unawanywesha. Huyu je?"

"Anakataa mwenyewe," Chediel akasema, akitazama chini.

Mama akageuza kichwa polepole. "Kweli, mwanangu Flora. Nakataa mwenyewe."

Chediel alitamani ardhi immeze.

Mama alipelekwa zahanati, akatundikiwa dripu, akapona, ila hakupata tena nguvu za kujikokota hadi mlangoni kuota jua. Sasa jagi limejaa kando ya kitanda, na bado kabla ya kunywa humtazama kwanza mwanawe usoni. Miguu ya mama, jua lake la asubuhi, na kunywa bila hofu: hivyo ndivyo vilivyopotea, ili blanketi likae kavu.