Firigisi ya Baba Jesca

Nilijua nina shida siku mume wangu aliponiwekea firigisi kwenye sahani. Tangu anioe, kuku akichinjwa nyumbani kwetu Mitundu, firigisi ni ya Baba Jesca, na ole wako uisahau jikoni. Leo ananipa mimi, tena kwa mkono wake, na wifi yangu Kristina anaangalia pembeni.

"Nani kafa?" nikauliza.

Nikasukuma sahani. "Baba Jesca, nakuuliza wewe."

Ndipo akatapika yote. Hospitali ya mjini nilikopimwa matiti walishapiga simu. Picha haikueleweka, kuna kitu titi la kushoto, na hawawezi kusema ni saratani au siyo mpaka nirudi wapime tena. Walimpigia yeye kwa sababu namba tuliyoacha ilikuwa yake. Akaita ndugu zake, wakakubaliana nisiambiwe mpaka sendofu ya binti yetu Jesca, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, ipite, nisije nikachanganyikiwa.

Yaani titi langu limekaliwa kikao, na mimi niko jikoni nawachemshia chai.

"Walipiga lini?"

"Mwezi uliopita," Kristina akanong'ona.

Nilikasirika. Mwezi mzima wananipokea ndoo, wananiambia pumzika mama, na mimi mjinga nacheka nikidhani napendwa. Kumbe wameshanizika. Hofu nayo ilinishika, sitasema uongo, ila hasira ilitangulia.

Kesho yake nikapanda basi. Akanifuata bila kuitwa. Tulipofika, daktari akamgeukia yeye: "Mzee, tutachukua kinyama kidogo tukipime..."

"Dokta," nikasema, "titi ni langu. Niambie mimi."

Akaniambia mimi. Nikaacha namba yangu.

Simu ilikuja jioni moja nikiwa nageuza ugali, ndugu wote wa mume wangu wamejaa uani kupanga mambo ya sendofu. Nikasikiliza. Si saratani, mama, ni uvimbe wa kawaida; rudi baada ya miezi sita tuuangalie. Nikakaa kwenye kigoda.

"Wamesemaje?" Baba Jesca akauliza. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Tule kwanza," nikasema.

Nikapakua ugali na kuku. Hakuna aliyegusa ugali. Nikachukua firigisi, nikaitafuna taratibu, wote wakinitazama mdomo.